Josho la Boti

Juzi nilikuwa kando ya Ziwa Rukwa, upande wetu wa Momba mkoani Songwe, mtaalamu kijana wa uvuvi alipofika na boti kwenye trela. Ilitoka ziwa jingine, na mizizi ya magugu maji bado ilikuwa ikining'inia kwenye pangaboi la injini.

Mama mmoja mfugaji, aliyekuja kununua samaki, alisimama kati ya trela na maji, mikono kiunoni.

"Mwanangu, hiyo imeoshwa?"

"Mama, lile bango la kuzuia magugu pale ufukweni nimelisimika mimi."

"Sijakuuliza bango. Ng'ombe mgeni haingii zizini kwangu kabla ya kuogeshwa dawa kwenye josho. Boti yako imepita josho gani?"

Wapima samaki waliacha mizani. Kijana alitazama bango, akatazama pangaboi, akavua viatu. Alisugua boti hukohuko nchi kavu, huku mama akiokota kila jani na kulitupa kwenye moto wa kukaushia samaki.

Boti ilipoingia majini, kijana alirukia usukani.

"Bado mstari wa pili wa bango lako," mama akamwambia. "Vaa boya."

Wataalamu, karibuni sana Songwe. Mabango yenu huku tunayasoma mpaka mwisho.