Baraza Iliyongoja Nyundo

Juzi nilipeleka mihogo ya kukaanga kwa mafundi wanaokarabati nyumba ya bibi jirani yetu, hapa Rahaleo. Mwanawe amerudi kutoka Dar es Salaam na michoro aliyoichora mwenyewe. Makuti yameshushwa, bati limepanda, na ule mwanya wa juu ya ukuta uliokuwa ukipitisha upepo umezibwa kwa saruji, eti unaingiza vumbi. Ilibaki kubomoa baraza, ambako bibi hukaa na wenzake wakisuka ukili wa mikeka.

“Ukiibomoa, wenzangu watakaa wapi?” bibi aliuliza.

“Ndani, Mama. Nimeleta sofa.”

“Nani anasukia ukili kwenye sofa?”

“Hayo mambo ya zamani, Mama.”

Adhuhuri fundi mkuu alishika nyundo, akageuka. Barazani, kando ya bibi, walikuwa wamekaa mafundi wenzake wote, na katikati yao bosi mwenyewe, yule mwana wa bibi, vifungo vya shati wazi, akijipepea kwa mchoro.

“Bosi, tuanze?”

“Jua lipungue kwanza. Huko ndani ni tanuri.”

“Basi inuka, baba,” bibi alisema, macho kwenye ukili. “Umekalia kazi ya watu.”

Hakuinuka. Alichukua kipande cha muhogo, akamwambia fundi arudishe nyundo stoo.

Bati silipingi, makuti yanavuja. Na shule niliiachia njiani, kuchora nyumba sijui. Ila ningekuwa na amri, kila mchoraji angekula kwanza chakula cha mchana ndani ya chumba alichokichora, sahani nzima, mlango umefungwa.