Panda Nyuma Kwanza

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya msimu wa mvua haijanitoka kichwani hadi leo. Imenirudia jana nilipokuona umepiga magoti kando ya pikapu yako, unapima kwa mkono nafasi iliyo kati ya gurudumu na bodi. Unasema unataka kuipandisha. Fundi wako amekuahidi itakwenda juu sana na bado itakuwa laini kama godoro. Mimi huyo fundi sijamwona, lakini tayari simwamini. Usinicheke. Nilizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na alama mwilini. Hata chumvi ya sokoni naionja kabla sijaipokea. Ila shaka nayo, ukiielekeza pabaya, inakuvua nguo hadharani.

Nilikuwa kijana kama wewe. Pikapu yangu ya kwanza, kuukuu lakini yangu, ilibeba akina mama wa hapa Likasi kwenda Kapolowe kununua nyanya na kuzileta sokoni. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Lami haikuwa na neno. Shida ilikuwa njia ya mashambani: mvua ikinyesha, malori yanachimba mifereji miwili na katikati linabaki tuta. Gari yangu ilikuwa chini, basi tumbo lake linakaa juu ya tuta, magurudumu yanazunguka bure, na akina mama wanashuka kusukuma huku matope yakiwarukia usoni.

Nikaenda kwa Papa Mwamba, fundi mzee wa mtaani kwetu. Nilitaka anipandishie gari kwa urefu wa dhiraa nzima, toka vidole hadi kiwiko. Resori nilikuwa nazo tayari, zile bamba nene za chuma zinazobeba gari. Nilizipata Kambove kwenye lori bovu. Mzee akazigonga kwa spana, akatikisa kichwa.

“Mwana, hii resori iko ya kamyo. Iko inangojea matani. Kama haioni muzigo, itatafuta mugongo ya muntu. Miye nitakupandishia vidole vine tu, tuweke na amortisere murefu, ile inazuia gari kurukaruka. Inatosha.”

Vidole vinne! Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Mpwa wake, Ilunga, naye alikuwa na pikapu kwenye njia ileile, imepanda vidole vinne vilevile. Ahaa! Nikasema moyoni, mzee huyu anamlinda mtu wake, hataki nimpite. Nikabeba resori zangu hadi kwa fundi mwingine, mmoja asiyependa maswali. Jioni gari ilikuwa imesimama juu kama mbuzi aliyepanda kichuguu.

Mwanzoni nilivuka kila tuta huku napiga honi. Kurudi na nyanya hakukuwa na tatizo, kwa sababu mzigo uliilaza gari. Lakini kwenda, gari tupu na akina mama peke yao nyuma, kumbe ilikuwa inarukaruka. Mimi nimekaa mbele kwenye kiti chenye sponji, najua nini? Nilisikia “Mama yee!” nyuma yangu, nikadhani wananishangilia.

Baada ya wiki chache wateja wakaanza kupungua. Nikashuku dawa za uchawi. Nikashuku Ilunga anawahonga. Nikamshuku Papa Mwamba kwamba anapita nyumba kwa nyumba akinichongea. Kisha mama naye akaanza: leo kichwa kinauma, sitakwenda. Safari iliyofuata, kichwa tena. Lakini nyanya mbichi nazikuta jikoni! Nikajua ananificha jambo. Asubuhi ile nikaegesha gari nyuma ya kanisa, nikamvizia. Nikamwona mama yangu aliyenizaa akipanda pikapu ya Ilunga, kiuno amekikaza kwa kitenge, wenzake wamemshika huku na huku.

Nikaruka barabarani. “Mama! Juu ya nini unanisaliti? Balikupa nini?”

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniinamia, akasema chinichini wengine wasisikie:

“Mwana yangu, habakunipa kintu. Gari yako inanipiga. Mugongo imekufa. Niliogopa kukuambia, juu uko unaipenda sana.”

Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Nilimshuku kila mtu mjini isipokuwa chuma nilichokitafuta kwa mikono yangu.

Nikarudi kwa Papa Mwamba nimeinamisha kichwa. Hakunicheka. Alinyoosha mkono apewe ufunguo, akasema, “Panda nyuma.” Akashika usukani mwenyewe, gari tupu, akanipeleka kwenye njia mbovu. Nilirushwa, nikatua kwa makalio, nikauma ulimi. Nikampigia paa asimame, akajifanya hasikii. Aliposimama alisema neno moja tu: “Bon. Sasa weye iko dereva.”

Akaondoa resori za lori, akarudisha zile za zamani, akapandisha vidole vinne, akafunga zile amortisere ndefu. Matuta makubwa bado tuliyakwaruza. Nikakubali, maana huwezi kupata vyote. Akina mama walirudi, na mama yangu pia. Lakini ulimkuta bibi yako anatembea ameinama, ukadhani ni uzee. Si uzee. Ni mimi.

Kwa hiyo nakuambia: pandisha gari yako kiasi cha kuvuka, usiipandishe kiasi cha kutazamwa. Shuku kwanza kile unachokipenda sana. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: kabla hujamkubali fundi wako, mwambie aendeshe yeye, gari ikiwa tupu, na wewe ukae nyuma. Mimi nitakaa nawe, pamoja na ubovu wa magoti yangu haya.

Mungu akuvushe kila tuta, mwanangu, akuwekee mikono myepesi kwenye usukani. Na wanaokupenda asiwape kamwe sababu ya kukuficha maumivu yao.