Kumanjayi Wawili na Sindano Moja

Noreen Nampijinpa alimwogesha mtoto huyu tangu akiwa kichanga, na siku moja alimchapa kwa kosa la kumtupia mbwa viatu vya shangazi yake. Leo alitakiwa amuulize yeye ni nani.

Alikuwa amerudi kijijini kwao jangwani baada ya mwaka mzima wa masomo mjini Alice Springs, na huu ulikuwa mtihani wa mwisho. Akifaulu, kliniki itampa kazi. Nyuma yake alisimama Sista Gwyneth, mwalimu wa chuo. Kanuni ilikuwa moja: kabla ya sindano, mgonjwa ataje jina lake kwa kinywa chake.

"Haya, niambie jina lako," Noreen alisema, akiona haya.

Mtoto alimkodolea macho. "Shangazi, unaumwa? Mimi si Nangala wako?"

"Hilo ni la ukoo tu. Jina kamili," Sista alisema.

"Halitajiki, Sista," Noreen alisema. "Kwetu jina la marehemu halitamkwi. Bibi yake amefariki juzijuzi, na jina lilikuwa lake. Sasa wote wenye jina hilo tunawaita Kumanjayi, yaani asiyetajwa."

"Wote? Kwani wako wangapi?"

"Yeye na binamu yake. Mama zao ni ndugu, walijifungua siku moja."

Noreen alitoa mafaili mawili. Jina lile lile, tarehe ile ile. Moja liliagiza penisilini kila mwezi kwa ajili ya moyo. Jingine lilionya kwamba penisilini humdhuru mgonjwa. Mtoto alimjua, lakini faili lake ni lipi? Magonjwa haya yote yalikuja yeye akiwa mjini.

"We, huwa unachomwa sindano kila mwezi?"

"Tunachomwa sote bwana. Yule analia, mimi silii."

"Uongo!" Noreen alisema, akacheka bila kutaka.

Alichungulia dirishani. Ng'ambo ya ua, mama wa mtoto, wifi yake, alikaa chini pamoja na wafiwa, na wanawake wafiwa hawasemi kwa kinywa, husemezana kwa mikono. Noreen aligonga kioo. Akamnyooshea mtoto kidole, akainua vidole viwili, akagusa kifua, akauliza kwa uso. Wifi yake alijibu kwa mikono taratibu, kisha akarudia kama mtu anayemfundisha mjinga: huyu ndiye wa moyo, yule mwingine ndiye aliyevimba uso.

Noreen alichoma sindano. Mtoto alilia kama mbuzi.

"Ulisema hulii!"

"Wewe unachoma vibaya, Shangazi."

Mtoto alipotoka akichechemea, Sista alibaki na kalamu hewani. "Nimeona mikono tu. Sikusikia neno hata moja. Sasa niandike nini, 'Anaweza' au 'Bado'?"

Noreen alitaka kusema anaweza. Sindano ilikuwa sahihi, marehemu hakuvunjiwa heshima. Lakini je, kama wifi angekuwa ameenda kuokota kuni? Yeye Noreen angekataa kuchoma, au angejiambia kwamba anamjua mtoto wake? Kanuni ile aliyoiona ya kipuuzi sasa ilimtisha kwa kuwa na maana, na kuivunja leo pia kulikuwa sawa. Mambo mawili ya kweli yalimkaa kichwani, hayasemezani.

"Andika bado," alisema, asijue kama ni ukweli au uchovu.

Sista aliandika polepole, uso wake kana kwamba aliyefeli ni yeye.