Nyumba Nzima Ilikwepa Jicho Langu

Nimepanga vyumba Buguruni, Ubungo, hadi Tegeta, na kote niliondoka kabla sijazoeleka. Ugonjwa ulinikuta Tandika, katika nyumba ya wapangaji niliyohamia baada ya kupandikizwa konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Cha kwangu cha kushoto kilikuwa kimeharibika, nikawekewa cha marehemu nisiyemjua. Nilikuwa nimeanza kusoma tena vibao vya maduka.

Msimu ule macho mekundu yalizagaa mtaani. Langu lilipowiva na kuuma, nikaona zamu yangu imefika. Wenzangu nao wakaona hivyohivyo. Nikitoka uani waligeukia ukutani, maana wanaamini ukitazamana na mgonjwa umeshayapata.

Fundi cherehani wa chumba cha pili alijifunika khanga usoni. "Braza, usinitazame mie! Nikiumwa, nani atanitungia uzi?"

Wakacheka. Nami nikacheka, nikarudi ndani, nikashusha pazia. Nikamkumbuka mpangaji mwenzangu wa Buguruni, aliyekuwa akiingiaga bila hodi kuniuliza nimekula nini. Wakati ule nilimwona kero.

Mwanga ulizidi kunichoma. Nilijiambia yatapita, kama yalivyowapita wengine.

Siku moja fundi akaniletea suruali niliyompa aipunguze. Alikuwa amevaa miwani nyeusi. Alininyooshea suruali, kisha akasita.

"Sie yalitushika yote mawili. Wewe mbona moja? Hebu sogea." Akaivua miwani. "Mungu wangu, kaka, kuna doa jeupe hapo. Nenda hospitali. Leo!"

Daktari alinichungulia kwa mashine, uso wake karibu na wangu. Tangu nihamie hakuna aliyenitazama kwa muda mrefu namna ile.

"Ni fangasi, wameingia kwenye konea," alisema. "Aliyepandikizwa jicho likiwa jekundu anakuja siku hiyohiyo. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Nikadhani ni haya ya mtaani."

"Dawa hii ni kila saa, usiku na mchana, tuone kama tutaiokoa. Nani atakuwekea?"

Nilirudi na kichupa cha dawa, nikamwonyesha fundi.

Mchana fundi alisimamisha cherehani, akanawa mikono, akaniwekea. Usiku nilijiwekea mwenyewe, nusu ikiishia shavuni. Konea ilinusurika, ingawa imebaki na ukungu upande mmoja. Ninachokumbuka zaidi ni zile alfajiri, nimekaa kitandani na kichupa mkononi, nangoja kusikia cherehani ikianza, nijue kuna mtu ameamka.