Mafuta ya Mama Mkwe Yako Ndani ya Injini

Barua hii imetufikia kutoka bara. Mwenyewe ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumelifuta. Mnaojua kusoma, wasomeeni na wenzenu.

Mbukwenyi wasomaji, ndiyo salamu ya kwetu. Mimi ni mwanaume wa miaka kama ishirini na saba hivi, kwetu hatukuandika. Ni Mgogo wa Nkuhungu, nina mke mmoja na mtoto anayetambaa, na kazi yangu ni kutia mafuta injini ya gari la moshi hapa stesheni ya Dodoma. Msinicheke kwa Kiswahili changu, nimejifunzia relini kwa watu wa pwani. Na niwaambie mapema, mimi ni mtu wa kujisifu, ndicho kilichoniponza.

Kwa kuchagua mafuta hapa hakuna aliyenishinda. Mapipa ya Ulaya yalipochelewa, bwana fundi, Mjerumani, aliniita akasema, "Wewe, tafuta mafuta ya mbarika kwa wenyeji. Yawe mazuri, na yasiwe ghali." Basi nikazunguka. Wafanyabiashara wa mjini waliniletea mafuta yanayong'aa, ya bei ya chini, nikayakataa mchana kweupe. Nadondosha tone juu ya bati la moto: likitoa moshi haraka, ondoa, likirukaruka, lina maji, ondoa. Halafu nasugua kati ya vidole viwili. Nikisikia chembe hata moja namwambia mwenye mali, "Kakaangie maandazi, bwana." Walinichukia sana. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba mafuta unayotia mara moja yakadumu safari nzima ndiyo rahisi, hata kama mwenyewe anataka bei zaidi. Injini ilikimbia vizuri, nami nikatembea kifua mbele.

Siku moja mke wangu akaniambia, "Mbona unanunua kwa watu baki, na mama yangu anakamua mbarika, Ipagala nzima wanamjua?" Baada ya siku chache akaja na vibuyu viwili vikubwa, vimefungwa kwa ngozi. "Mama hataki malipo. Ni heshima yake kwa mkwe." Hapo ndipo nilipokosea, na watu wa pwani sijui kama mtanielewa. Kwetu mama mkwe simtazami usoni. Tukikutana njiani, mmoja anaingia porini mwenzake apite. Sasa nifungue kibuyu chake, ninuse, nisugue vidoleni mbele ya binti yake? Ningekuwa nimemwita mchafu. Nikavichukua hivyo hivyo, nikamimina kwenye visanduku vyote vya magurudumu, pale chuma kinapozunguka ndani ya shaba. Sikupima hata tone. Mimi! Yaani mimi!

Safari ya kwanza iliporudi kutoka Kilosa niligusa magurudumu, nikayakuta ya moto kuliko kawaida. Safari ya pili, mafuta yalikuwa yanachuruzika mekundu. Watu wa stesheni wakaanza kunong'ona kwamba injini inatoka damu. Nikachovya kidole, nikasugua. Chembe. Nikakimbia nyumbani kumuuliza mke wangu, "Mama yako ametia nini?" Akanijibu kwa furaha kabisa, "Ametia ule udongo mwekundu mzuri, ameutwanga mwenyewe. Si mafuta ya kupaka? Alisema kitu kipya cha mkwe wake hakipakwi mafuta matupu." Masikini mama wa watu! Aliipamba injini kama anavyompamba bibi harusi, na mimi siku zote hizo nasaga shaba kwa udongo.

Nimefuta, nimetia mafuta mengine, wapi! Udongo umekwisha kujichimbia kwenye shaba. Kuutoa ni lazima injini inyanyuliwe, na hainyanyuliwi bila amri ya bwana fundi.

Nikimwambia, viboko vyangu ishirini na tano nitavipokea, sivililii. Lakini ataniuliza nani alitia udongo. Tangu vile vita vya kusini, vya dawa ya maji, Wajerumani wakisikia neno dawa wanatafuta kamba. Na ule wekundu ameshauona. Alimwambia askari mbele yangu, "Kuna mtu anatia dawa katika injini. Nikimpata, atanyongwa." Sasa askari wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anakamua mbarika. Jana walikuwa kwetu Nkuhungu. Bado Ipagala.

Nikinyamaza je? Shaba ikiisha, chuma kitakatika mteremkoni na gari litaanguka. Mchoma kuni wa injini hiyo ni shemeji yangu, mtoto wa kiume wa pekee wa mama huyo huyo. Juzi alinifuata akasema, "Shemeji, kwenye mteremko wa kwenda Kilosa gurudumu la kushoto linalia. Dereva anasema ni upepo. Wewe ndiye mwenye mafuta, ni upepo kweli?" Nikamtazama usoni, nikamjibu, "Ni upepo, shemeji." Mungu anisamehe. Akacheka, akanipiga begani, akapanda. Nikisikia honi ya gari linarudi ndipo napumua, na nikipumua tu naanza kuhesabu saa za safari nyingine. Mke wangu hajui lolote. Jana kaniuliza kama vibuyu viwili vimetosha, maana mama anatwanga udongo mwingine.

Nikisema, namtia mama kitanzini. Nikinyamaza, namuua mwanawe. Barua hii naiweka kwenye mfuko wa posta na shemeji mwenyewe ndiye ataupakia, gari linaondoka asubuhi hii. Mkiwa mnaisoma, basi safari hiyo walifika Kilosa salama. Ya kurudi sijui. Ndugu zangu, nisaidieni mawazo, niseme au ninyamaze, na kama ni kusema nianze na nani? Jibuni upesi, nawaomba sana, kwa sababu jibu lenu nalo litaletwa na injini hiyo hiyo.