Mama Mgonjwa Akataa Kupona

Usiku ule mdogo wake alipojifungua, yeye alisimama nje ya wodi roho mkononi, sikio mlangoni. Alimsikia muuguzi akisema damu inazidi. Daktari akajibu, "Subiri." Muuguzi akarudia, akaambiwa asubiri tena. Mlango ulipofunguliwa, mdogo wake alikuwa ameshafunikwa uso.

Jina la Mama Mgonjwa alilipata baadaye, chuo cha afya kilipomwajiri ajifanye mgonjwa, ili wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia wajifunze kutibu pamoja kabla ya kukabidhiwa watu wa kweli. Yeye na mwalimu wao walikuwa na ishara ya siri: mwalimu akikohoa mara moja, azidiwe; mara mbili, apone.

Siku hiyo alikuwa mzazi anayetokwa damu, shuka limepakwa rangi nyekundu.

"Daktari, presha inashuka," binti wa uuguzi alimwambia mwanafunzi wa udaktari.

"Nimesikia, dada. Subiri."

"Inashuka sana!"

"Kwani hapa anaongoza nani, mimi au wewe?"

Kijana wa famasia, dawa mkononi, akakodolea macho dari kama anayehesabu mijusi.

Mwalimu akakohoa mara moja. Mama akalegea. Muda ukaisha, kundi jingine likawa linangoja. Mwalimu akakohoa mara mbili. Mama hakufumbua hata jicho. Akakohoa tena, kwa nguvu.

"Mwalimu, tukuletee maji?" wa famasia aliuliza.

"Mama, amka. Umeshapona."

"Nimepona kwa dawa gani? Ile pale, kijana bado anayo mkononi. Mimi ni maiti, mwalimu."

"Usinichezee, mama. Kazi hii wanaitaka wengi."

"Wape. Wakija watanikuta hapahapa, nimekufa."

Kazi hiyo ndiyo iliyowasha jiko nyumbani. Lakini akiinuka, yule kijana wa udaktari ataondoka akiamini kwamba hata usipomsikiliza mwenzako, mgonjwa hupona tu. Akashikilia uzi uleule.

Mwalimu akashusha pumzi, akawatoa wanafunzi nje. "Mkielewana, rudini." Akafunga mlango.

Mama akatega sikio, safari hii akiwa upande wa ndani. Akasikia ubishi. Mtu akasonya. Kisha sauti ya daktari mtarajiwa, chini kabisa: "Dada, hebu rudia. Ulisema presha ikoje?"

Binti akaanza kueleza. Wa famasia naye akadakia. Mwalimu akanyoosha mkono kwenye kitasa.

"Waache," Mama Mgonjwa alisema, akajivutia shuka kifuani. "Marehemu hana haraka."