Mdhamini wa Fisi Maji

Nilikwenda Kivukoni ya Ifakara nikiwa na hasira. Wenzangu wa chuo hapa Morogoro waligawiwa wanyama wa kuchunguza: mmoja akapata simba, mwingine chui, wa tatu mbwa mwitu, na kila mmoja akapewa na gari. Ilipofika zamu yangu, msimamizi wangu akatazama dari kwanza. "Salome, wewe nenda kwa fisi maji. Hakuna anayejua kama bado wanazaliana mto Kilombero." Gari halikuwepo. Nilipewa kamera ya mtego, ile inayofungwa mtini na kupiga picha yenyewe kila kitu kinachopita mbele yake, na kisanduku cha barafu cha kubebea kinyesi.

Mama yangu aliposikia, alitafuta kigoda akakaa. "Tumeuza mbuzi ukasome, leo unafuata mavi ya fisi?" Nikamweleza kwamba fisi maji si fisi kabisa, ni mnyama wa mtoni, anakula kaa na samaki, na ana vidole kama vya mtu. "Fisi mwenye vidole," akasema mama, na mkono ukaenda kwenye rozari.

Jumatano asubuhi nikapanda basi la Ifakara. Mpaka Mikumi nilikuwa na amani. Kidatu, penye mashamba ya miwa, akapanda dada mmoja anayefanya kazi huko, akakaa kando yangu na kuniuliza naenda kufanya nini. Nikamjibu kwa sauti ya kawaida tu. Yeye akageuka nyuma na kuwatangazia abiria: "Jamani, huyu dada anachunguza fisi!"

Weee! Mnajua wenyewe fisi ni nani mtaani kwetu: mwanamume anayewinda kila sketi. Hapo sikupata tena nafasi ya kusema neno "maji". Mpaka tunafika Mang'ula nilikuwa nimeshatajiwa fundi cherehani mmoja, mwenyekiti wa kwaya na shemeji za watu, wote fisi, na makazi yao nikaelekezwa. Yule dada wa miwa aliniomba nianze na mume wake. "Huyo mfunge na kamera kabisa," akasema.

Ifakara stendi habari zilikuwa zimenitangulia kushuka. Kijana wa bodaboda aitwaye Festo alinipokea begi kabla sijafungua mdomo. "Dada, usihangaike na jua. Fisi mwenyewe nipo hapa."

"Natafuta wa maji," nikamwambia.

"Hata maji nakunywa, dada."

Nikapanda, ningefanyaje. Njia nzima alikuwa akicheka peke yake, na tulipofika Kivukoni hakuvuka daraja, alikata kuteremka chini kwenye mitumbwi, penye kambi ya wavuvi. Hapo nilielekezwa kwa Mama Veronika, mjane mwenye nyavu zake na kichanja cha kukaushia samaki, ambaye alikubali kunipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa fisi?"

"Wa maji, mama."

Nilitegemea aulize tena. Badala yake alisimama, akafuta moshi machoni, akaingia ndani na kutoka na wavu. Ulikuwa na tundu la kupitisha ndoo. "Haya, soma salamu za ndugu yako," akasema.

Nilikuwa nimefika, kumbe, kwa watu pekee bonde zima wanaomjua mnyama wangu kwa jina lake sahihi, na wanataka kumuua. Jioni ile mzee Kasiani, mwenyekiti wa kambi, alikuja kunieleza. Fisi maji walikuwa na shimo ukingoni, chini ya mizizi ya mkuyu. Kambi ilishakubaliana: Jumamosi ni mkutano, mkutano ukiisha ni majembe, shimo linafukuliwa na aliyemo ndani anapigwa.

Nikalia lia kidogo, nikasema sheria za wanyamapori, nikasema mto wenye fisi maji ni mto wenye afya. Mzee Kasiani alinisikiliza kwa adabu zote. Aliwahi kuwa katibu wa halmashauri ya walei parokiani na hakati kauli ya mtu.

"Mwanangu," akasema nilipochoka, "mbwa akiuma mtu hapa, hatumuiti mbwa. Tunamuita mwenye mbwa. Huyu fisi maji tumemtafutia mwenyewe miaka yote, hajulikani. Leo umeshuka kwenye pikipiki ukamtaja kwa jina. Basi wewe ndiye mwenyewe. Jumamosi utamsemea."

"Mimi ni mtafiti, mzee."

"Sawa. Mtafiti na mdhamini."

Alhamisi na Ijumaa nilifanya kazi kwa woga. Nilifunga kamera kwenye mti ikielekea shimo na wavu wa Mama Veronika uliotegwa karibu. Nikatambaa ukingoni nikikusanya kinyesi, na nilipokipasua kwa kijiti nikakuta magamba ya kaa. Kaa tupu! Nilifurahi nikaruka peke yangu kwenye tope. Mteja wangu alikuwa mla kaa. Kumwona kwa macho sikumwona hata mkia, lakini kesi niliiona imekwisha.

Jumamosi asubuhi watu walikusanyika kwenye kibanda cha nyasi kando ya kichanja. Majembe yalikuwa yameshaegemezwa nguzoni, yamenolewa. Mzee Kasiani alifungua kwa sala, akawaombea wavuvi, mto, na mtuhumiwa. Kisha akauliza: "Mtuhumiwa yupo?"

"Hayupo," wakajibu. "Ametuma mtu."

Nikasimama. Ndugu zangu, nimewahi kusimama mbele ya maprofesa, lakini wao hawakuwa na majembe. Nikatandaza jani la mgomba, nikapanga kinyesi juu yake, nikawaonyesha magamba. Wazee wakainama, wakanusa, wakapeana nafasi wanuse vizuri. Nikasema: "Mnaona wenyewe. Huyu anakula kaa. Nyavu zenu huenda anachana mamba."

Mama Veronika akanyoosha mkono. "Mimi mwanangu nakula ugali kila siku ya Mungu. Ina maana nyama siijui?"

Kibanda kizima kikaguna. Mzee Kasiani akaniuliza kama nina jibu. Mwanamume mmoja nyuma akanyanyua jembe lake begani. Hapo nikakumbuka kamera. Kadi yake nilikuwa nimeichomoa asubuhi ile bila kuitazama. Nikasema tuangalie picha wote kwa pamoja, haki itendeke, maana niliamini tutaona mamba. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyekwisha kushinda.

Nikafungua kompyuta juu ya debe. Picha ya kwanza ilikuwa kenge. Ya pili, mbuzi. Halafu zikaja picha nyingi za mzee Kasiani akiwa karibu kabisa na kamera, akijichungulia meno, akichana ndevu, akigeuza shavu hili na lile.

"Nilidhani ni kioo," akasema mzee. "Endelea."

Nikaendelea. Na hapo akatokea. Amesimama kwa miguu ya nyuma ndani ya maji, kichwa kimelowa, mikono miwili imeshika wavu wa Mama Veronika kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Picha iliyofuata, wavu umechanika. Iliyofuata, perege yuko mdomoni. Na iliyofuata, nyuma yake kwenye mizizi ya mkuyu, vichwa viwili vidogo vimechomoza shimoni vikimsubiri.

Nikapiga kelele. Sijui nieleze vipi furaha ile. "Ana watoto! Wanazaliana! Jamani, ana watoto!" Nikapiga makofi, nikamkumbatia aliyekuwa karibu, naye ni yule mwenye jembe. Ni Mama Veronika peke yake aliyebaki mtulivu. "Mdhamini," akasema, "mbona mtu wako amekamatwa na wewe unacheza?"

Nikakaa chini. Kweli, nilikuwa nimemtia hatiani mwenyewe, kwa kamera ya chuo, mbele ya majembe yote. Machozi yakanitoka, sikuyaficha. Nilisema nawaombeni, nikashindwa kusema nawaomba nini.

Mama Veronika aliivuta ile kompyuta karibu na uso wake. Alitazama vile vichwa viwili muda mrefu. "Kumbe mwizi wangu ni mama," akasema. Halafu akaiga sauti ya mwenyekiti: "Anayenyonyesha hafukuliwi. Lakini wavu wangu umechanika na samaki wangu kaliwa. Nani anajibu?"

Watu wote wakanigeukia mimi.

Hukumu ilisomwa papo hapo. Mtuhumiwa ana hatia. Kwa kuwa mtuhumiwa hawezi kushika sindano, adhabu ataitumikia mdhamini: kushona kila wavu utakaochanwa ukingo ule, kwa muda wote mtuhumiwa atakaoishi pale. Mzee Kasiani akafunga kwa sala. Majembe yakarudi mashambani, kwenye mpunga, na mimi nikapandishwa pikipiki ya Festo kwenda Lupiro kutafuta uzi wa nailoni.

"Umepata fisi wako?" Festo akaniuliza darajani.

"Nimempata."

"Kakubali?"

"Kanifunga, kaka. Mimi ndiye niliyefungwa."

Siku zilizofuata nilishona. Mama Veronika alinifundisha kushika sindano ya nyavu, akinipiga kibao cha mkono kila nilipokaza fundo vibaya, na alipokuwa akinifundisha alinisimulia mengi zaidi juu ya fisi maji kuliko niliyokuja nayo kichwani. Wavu wangu wa kwanza ulikuwa na makunyanzi. Alisema samaki wakiuona watacheka, lakini aliutega, tena palepale karibu na mkuyu.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kawaida, isipokuwa kondakta alinusa kisanduku changu na kuuliza kama nina samaki. Nikamwambia ni kinyesi cha fisi. Nilikaa kiti cha watu wawili peke yangu mpaka Morogoro.

Wenzangu wa simba na chui wamerudi na ramani nzuri za rangi. Mimi nilipoulizwa nimejifunza nini, nilisema kwamba mnyama asiye na ndugu hana pa kukaa, na kwamba Kivukoni ndugu hawateuliwi kwa kupenda. Msimamizi aliniambia hilo si matokeo. Mama yangu ndiye aliyenielewa, akaniuliza kama watoto wa fisi hawajambo.

Jana Mama Veronika alinipigia simu. Hata salamu hakusubiri ziishe.

"Ndugu yako karudia."

"Kachana sana, mama?"

"Yeye kidogo. Ila wale wawili nao wameanza kujifunza. Matundu yao madogo madogo, hata kidole hakipiti." Nikasikia anacheka. "Safari hii njoo na sindano nyembamba."